Bei ya Santuri na Thamani ya Sauti

Maneno bei na thamani yamezoea kutembea pamoja katika usemi wetu, hata mtu akadhani ni neno moja lenye sura mbili. Bei ni kile anachokitoa mnunuzi mkononi. Thamani ni kile kinachobaki katika kitu hata siku ambayo hakuna anayekinunua. Kwa bidhaa za kila siku tofauti hii haitusumbui. Kilo ya sukari ina bei yake, na thamani yake huisha pamoja na chai. Lakini viko vitu vichache ambavyo bei yake na thamani yake huachana njia, na mtu atakaye kutenda haki hana budi kusimama katika njia panda hiyo na kufikiri. Kimojawapo ni santuri ya kale isiyochapwa tena.

Santuri iliyouzwa katika maduka ya Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam kwa shilingi chache katika miaka ya 1960 na 1970 huonekana leo katika masoko ya intaneti ikitakiwa kwa makumi, na pengine mamia, ya dola za Marekani. Anayeiuza yumkini yuko ng'ambo, na anayeinunua vilevile. Aliyeiimba huenda amekwisha kufa, na aliyeitoa sandukuni kwake hakupata hata bei ya mlo wa siku moja. Je, bei hiyo ni ya haki? Na kama si ya haki, nani aliyedhulumiwa: aliyelipa nyingi, aliyepokea kidogo, au taifa ambalo sauti yake imekwenda? Maswali haya ni ya maadili kabla hayajawa ya uchumi, na kwa sababu hiyo tumeona yanastahili kuzungumzwa mahali panapozungumzwa utamaduni wetu.

Yafaa kwanza tujue santuri ni kitu gani, na kwa nini imeadimika. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, wakarekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Kiingereza iliyojulikana kwa alama ya His Master's Voice. Rekodi zile ni miongoni mwa za kwanza za biashara zilizotolewa kwa Kiswahili. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba muziki wa dakika 3 hivi. Zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India, ambao pia ndio uliotumika kutengenezea lakiri ya kufungia barua. Santuri ya namna hiyo ikianguka sakafuni huvunjika kama kigae. Aidha, sindano ya chuma ya gramafoni iliikwangua kila ilipopigwa. Hivyo waliozipenda santuri zao ndio waliozimaliza, na ile iliyotufikia ikiwa safi aghalabu ni ile ambayo mwenyewe hakuijali sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shelaki ilipokuwa haba, katika nchi kadhaa santuri kuukuu zilikusanywa na kusagwa ili zitengenezwe mpya.

Kuanzia mwaka 1948 zilikuja santuri za plastiki ya vinaili, ambazo hazikuvunjika upesi. Nairobi ikawa kitovu cha uchapaji wa santuri katika Afrika Mashariki, na huko Mombasa kampuni ya Assanand ilitoa nyimbo nyingi za taarab kwa alama ya Mzuri. Bendi za dansi za Tanzania zilirekodiwa kwa tepu katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na zile nyimbo zilizobahatika zikachapwa Kenya katika santuri ndogo za mizunguko 45. Kisha zikaja kanda za kaseti, zilizonakilika kwa urahisi nyumbani na mitaani, na santuri ikakosa soko. Mitambo ya uchapaji ilisimama, na kilichokuwa kimechapwa ndicho kilichobaki.

Tukiyatazama mambo haya kwa makini tutaona kwamba uadimu si sifa aliyoitia mwimbaji katika kazi yake. Santuri moja ni adimu kwa kuwa ilipendwa mno ikachakaa. Nyingine ni adimu kwa kuwa haikupendwa, zikachapwa nakala chache, nazo zikatupwa. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba wimbo fulani ni bora kwa sababu santuri yake ni ghali amechanganya mambo mawili. Bei kubwa inatuambia jambo moja tu, kwamba wanaokitaka kitu ni wengi kuliko kitu chenyewe. Juu ya ubora wa wimbo haituambii neno.

Mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi unatoka Ulaya, katika muziki wa jadi wa huko, ambako biashara ya santuri adimu imekwisha kukomaa. Johann Sebastian Bach alikamilisha mwaka 1720 mswada wa tungo sita za fidla moja isiyosindikizwa na ala nyingine. Katika miaka ya 1954 na 1955 mpigaji fidla mmoja, mzaliwa wa Timișoara, aitwaye Johanna Martzy, alizirekodi tungo hizo kwa ajili ya kampuni ya Columbia ya Uingereza, nazo zikatolewa katika santuri tatu. Leo seti ya chapa ya kwanza, ikiwa katika hali njema, huuzwa miongoni mwa wakusanyaji kwa maelfu ya pauni. Lakini rekodi zenyewe zilikwisha kutolewa tena, katika santuri mpya na katika diski za CD, kwa bei ambayo mwalimu wa huko aweza kuilipa bila kuuza kitu. Fidla ni ileile na mkono ni uleule.

Je, anayelipa maelfu ya pauni amedhulumiwa? Twaona kwamba hakudhulumiwa, wala hamdhulumu mtu. Ananunua kitu kama shahidi wa zama zake: karatasi ile ya jalada, chapa ile ya kwanza, na pengine sauti ambayo masikio yake yanaihesabu kuwa bora zaidi. Mkulima na mwanafunzi hawapungukiwi na neno kwa matumizi yake, maana mlango wa kuisikia fidla hiyo umebaki wazi. Hapa bei ya santuri imeachana na thamani ya sauti bila kumdhuru yeyote.

Sasa turudi nyumbani. Santuri zetu nyingi hazina chapa ya pili. Ikiwa tepu ya asili ilipotea au ilifutwa, na ikiwa hakuna aliyeitoa rekodi upya, basi nakala chache zilizotawanyika ndizo makao pekee ya sauti ile. Hapo bei ya kitu imegeuka kuwa kiingilio cha kuisikia sauti, na anayekishika kitu amezishika pia funguo za kumbukumbu ya watu. Tofauti hii kati ya santuri yenye sauti inayopatikana kwingine na santuri iliyobeba sauti peke yake ndiyo tunayoiona kuwa msingi wa hoja yetu yote. Swali la bei ya haki ni dogo katika ile ya kwanza, na kubwa katika hii ya pili.

Watu huwa na majibu matatu wanapoulizwa bei ya haki ni ipi. Wa kwanza husema kwamba ni ile waliyopatana muuzaji na mnunuzi, na kwetu husemwa kwamba biashara haigombi. Jibu hili lina ukweli, kwa kuwa mapatano ya hiari ni mwanzo wa kila biashara halali. Lakini mapatano ya mtu ajuaye na mtu asiyejua si mapatano kamili, na tutalirudia jambo hili. Wa pili husema kwamba bei ifuate jasho lililomwagwa katika kukitengeneza kitu. Jibu hili latufurahisha kwa kuwa linamkumbuka mfanyakazi, ila halitufikishi mbali hapa: mwimbaji, mpiga gitaa na mchapaji walikwisha kulipwa, au kupunjwa, miaka hamsini iliyopita, na fedha ya leo haiwafikii.

Wa tatu husema kwamba bei ipangwe na mamlaka. Tanzania ina uzoefu wa jambo hili. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ikaundwa ili kupanga bei za bidhaa zilizotajwa. Baadaye, mwaka 1983, serikali iliendesha kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Utaratibu ule wa bei za kupangwa uliondolewa hatua kwa hatua, na mafanikio na makosa yake si mada yetu. Linalotuhusu ni neno mlanguzi, ambalo hadi leo watu hulitupa upesi kwa kila auzaye ghali. Mlanguzi aliyelaumiwa wakati ule alificha sukari, sabuni na khanga, bidhaa ambazo kiwanda kiliweza kutengeneza nyingine kesho na ambazo kila nyumba ilizihitaji. Hakuna tume iwezayo kuagiza itengenezwe santuri nyingine ya mwaka 1928, wala hakuna nyumba itakayolala njaa kwa kuikosa. Kumwita kila muuzaji wa santuri mlanguzi ni kutumia shoka mahali pa wembe. Yatubidi tutafute kosa lake, kama lipo, mahali pengine.

Nasi twaliona katika elimu, yaani katika nani anajua nini wakati bei inapotajwa. Jambo hili walilifikiri watu wa kale. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad, ambayo watu wa mwambao wameyafuata katika biashara zao kwa karne nyingi, wachuuzi walikatazwa kuutoka mji na kuulaki msafara njiani ili wanunue bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni na kujua bei. Aliyeuziana nao kwa namna hiyo alipewa hiari ya kuvunja mauzo baada ya kulifikia soko. Mwandishi wa Roma aitwaye Cicero, katika kitabu cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aliuliza habari za mfanyabiashara aliyepeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa, naye akijua kwamba merikebu nyingine zilizojaa nafaka zi njiani. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze ghali? Cicero aliona kwamba haimpasi kuficha. Watu hawa waliishi mbali mbali na kwa dini tofauti, lakini wamekutana katika neno moja: kumpita mtu kwa elimu si dhambi, bali kuutumia ujinga wake kama mtego ni aibu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja mjane wa Tanga ana sanduku la santuri 40 alizoachiwa na mumewe. Anakuja mchuuzi, anazitazama, anasema ni vitu vya zamani visivyo na kazi, na anampa shilingi 1,000 kwa kila moja, jumla shilingi 40,000. Anajua fika kwamba mojawapo itauzwa kwenye intaneti kwa dola 300. Mama anafurahi, kwa kuwa alikuwa karibu kuzitupa. Mapatano yamekuwepo, na fedha imelipwa taslimu.

Mchuuzi ana utetezi wake, nasi hatupendi kuupuuza. Atasema kwamba bila yeye santuri zile zingeozea darini. Atasema kwamba katika sanduku hilo 30 zimekwaruzwa na hazitauzwa kamwe; kwamba amelipa nauli, atalipa posta, ataziosha na kuzitunza, na baadhi zitavunjika njiani. Tena atasema kwamba ameutumia ujana wake kujifunza namba, alama na majina ambayo wengine hawayajui. Yote haya ni kweli, na yote yanastahili ujira. Bila watu wa namna yake nyimbo nyingi zisingejulikana kwamba zilikuwapo.

Hata hivyo, ujira wa elimu una mahali pake. Mchuuzi anaudai kwa haki anapouza, kwa kuwa hapo elimu yake inamsaidia mnunuzi kujua anachokinunua. Anaponunua kwa mjane huku akisema kwamba vitu havina kazi, elimu yake haimsaidii mama yule kwa lolote, na uongo ndio unaomletea faida. Dhuluma haikuanzia katika dola 300. Ilianzia katika yale maneno ya kwamba havina kazi. Lau angesema, 'Mama, nyingi hapa ni chakavu, lakini moja au mbili huenda zikaleta fedha nzuri,' angekuwa ameanza kutenda haki.

Tena mwambao wetu una desturi ya zamani inayoliponya tatizo hili, nayo ni udalali. Dalali hakinunui kitu cha mwenyewe. Hukiuza kwa niaba yake, hutangaza bei aliyoipata, na hutwaa ujira wake waliokubaliana tangu mwanzo. Mchuuzi wa santuri akijifanya dalali wa mjane yule, akapokea fungu lake kwa kazi yake na mama akapokea lililobaki, hakuna aliyeficha wala aliyefichwa. Atapata faida ndogo zaidi kwa kila santuri, lakini nyumba ya pili na ya tatu zitamfungulia milango.

Msomaji atauliza: basi hiyo bei yenyewe itajulikanaje? Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu huipima bei ya haki kwa bei ya mfano wake, yaani bei ya vitu vinavyofanana nacho wakati huo na mahali hapo. Tabu ya santuri adimu ni kwamba mifano yake ni michache. Masoko ya intaneti yameleta nafuu, kwa sababu baadhi yake, kama Discogs iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, huweka kumbukumbu za mauzo yaliyopita ambazo kila mtu aweza kuzitazama. Lakini daftari hilo lataka msomaji mwenye akili, na tungependa kutaja mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni kuijua santuri yenyewe. Wimbo mmoja waweza kuwa ulichapwa mara tatu, na chapa ya kwanza tu ndiyo adimu. Namba iliyo kwenye kibandiko, na ile iliyochongwa katika santuri karibu na kitovu, ndizo zinazozitofautisha chapa. La pili ni kutenga bei iliyotakiwa na bei iliyolipwa. Mtu yeyote aweza kuandika dola 1,000 juu ya kitu chake na kukingoja miaka kumi; hiyo ni ndoto ya muuzaji, na haiwezi kuwa ushahidi.

La tatu ni kutodanganywa na mauzo mamoja. Tuseme santuri imeuzwa mara tano, kwa dola 20, 25, 30, 35 na 400. Wastani wake ni dola 102, ilhali katika wanunuzi watano wanne hawakufika hata 40. Bei ya katikati, ambayo ni dola 30, yasema kweli zaidi. Ile 400 yamkini ilitokana na watu wawili walioshindana mnadani usiku mmoja. Na mmoja wao akishaipata, nakala ya pili ikitokea itamkuta mshindani mmoja tu. Ni vizuri pia kukumbuka kwamba yumo katika minada mtu anayepandisha bei bila nia ya kununua, akiwa rafiki wa muuzaji. Hila hiyo nayo ilikatazwa katika mafundisho yale yale ya Mtume, na kwenye intaneti imepata maficho mapya. La nne ni hali ya santuri. Anayenunua kwa picha ananunua mbuzi kwenye gunia, na muuzaji ndiye anayejipimia mwenyewe sifa ya kitu chake. Muuzaji mwadilifu huitaja mikwaruzo kabla hajaulizwa, na hukubali kurudishiwa kitu kisipolingana na maelezo yake.

Mtu akiyatazama hayo yote hatapata bei moja kamili. Atapata kipimo chenye mwanzo na mwisho, na ndani yake mna nafasi ya kupatana. Chini yake muuzaji anapunjika, na juu yake mnunuzi. Twaona kwamba hiyo ndiyo haki iwezekanayo katika jambo hili, na anayeahidi zaidi ya hapo anajidai.

Limebaki jambo ambalo daftari la mauzo haliwezi kulionyesha, nalo ni shauku ya mnunuzi. Tufikirie kijana ambaye babu yake alikuwa mwimbaji wa bendi. Hakuwahi kumsikia akiimba. Baada ya kutafuta miaka mingi anaiona santuri ya babu yake kwenye intaneti kwa dola 40, anamwandikia muuzaji, na kwa furaha anamweleza ni sauti ya nani. Muuzaji anajibu kwamba sasa bei ni dola 400. Kitu hakikubadilika, wala uadimu wake haukuzidi kati ya barua mbili. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji ameujua moyo wa mnunuzi.

Mwanafalsafa wa Kanisa wa karne ya 13, Thomas Aquinas, alilipima jambo la namna hii. Alisema kwamba muuzaji atakayepata hasara ya pekee kwa kuachana na kitu chake aweza kuitoza hasara hiyo katika bei. Lakini ikiwa mnunuzi ana haja kubwa na muuzaji hapati hasara ya ziada, haimpasi muuzaji kupandisha bei, kwa kuwa haja ile si mali yake, na mtu hawezi kuuza kisichokuwa chake. Twaikubali hoja hii. Mkusanyaji aliyeipenda santuri yake miaka 30 aweza kusema, 'Naumia kuiacha, na maumivu yangu nayatoza'. Hilo ni lake. Lakini hamu ya kijana kumsikia babu yake ni ya kijana mwenyewe. Anayeitoza ameingiza mkono mfukoni mwa mtu mahali ambapo hapakuwa na fedha.

Msomaji ataona sasa kwa nini tulianza kwa kutenganisha bei na thamani. Twaweza kuiacha bei ya santuri ipande, maadamu muuzaji wa kwanza hakudanganywa, maelezo ni ya kweli, na haja ya mtu haikugeuzwa silaha. Lakini sauti iliyomo ndani haimwishii mtu mmoja. Aliyeinunua santuri amenunua plastiki, karatasi na haki ya kuipiga. Hakununua kazi ya mwimbaji, wala kumbukumbu za waliocheza kwa wimbo ule siku ya harusi yao. Nchini Ufaransa tangu mwaka 1920 sheria inampa mchoraji au warithi wake fungu la bei kazi yake inapouzwa tena. Mwimbaji hana fungu la namna hiyo katika santuri kuukuu, hata iuzwe kwa dola ngapi. Hata hivyo rekodi ikitolewa upya kwa kibali na mkataba, njia ipo ya kumfikishia yeye au warithi wake haki yao, nayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania ina nafasi katika jambo hilo.

Kwa hiyo twaona kwamba anayemiliki nakala adimu, hasa ile inayobeba sauti peke yake, ana wajibu unaokwenda pamoja na umiliki wake: kuiacha sauti isikike. Aweza kuikopesha ili inakiliwe kwa mujibu wa sheria katika hifadhi ya taifa au chuo. Aweza kumruhusu mtoaji mwenye kibali kuitumia. Na pale warithi wa mwimbaji wanapojulikana, aweza kuwapa nafasi ya kuisikia bila kuwatoza. Akifanya hivyo hapotezi kitu. Tuliona kwamba chapa ya kwanza ya Martzy haikuacha kuwa ghali baada ya fidla yake kutolewa upya. Kitu hubaki na bei yake, na sauti hurudi kwa watu.

Wengine watasema kwamba tunamtwisha mtu binafsi mzigo wa serikali. Ni kweli kwamba taasisi za umma zina sehemu kubwa zaidi. Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam zimo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, na kila tepu inayooza rafuni inazidisha bei ya santuri iliyo ng'ambo. Taifa lisilotunza nakala yake litalazimika siku moja kuinunua kwa bei ya mnada, likishindana na wageni wenye fedha kuliko lenyewe. Lakini uzembe wa mmoja hauufuti wajibu wa mwingine.

Nasi walimu na wanafunzi tuna kazi iliyo ndogo na isiyohitaji fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Darasa moja laweza kuuliza katika nyumba za mtaa wake ni santuri zipi zilizobaki, na kuandika jina la wimbo, la mwimbaji, alama ya kampuni, namba ya kibandiko na hali ya santuri. Orodha hiyo, ikibandikwa ukutani mwa shule, yaweza kumfikia hata mjane wa mfano wetu, naye akajua alicho nacho kabla mchuuzi hajabisha hodi.